Kwa nini hospitali ya mkoa inajaa wakati benchi la zahanati ni tupu?

Wasikilizaji wetu hutuuliza sana kuhusu msongamano katika hospitali za mkoa: foleni ya tangu alfajiri, na wodi ambazo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja. Jibu tunalianzia kijijini.

Huduma za afya za umma hapa Tanzania zimepangwa kwa ngazi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda kama ile ya Mbeya, na juu kabisa Muhimbili. Malaria isiyo kali hutibiwa zahanati. Ugonjwa ukizidi uwezo wa pale, mhudumu anaandika barua ya rufaa kwenda ngazi inayofuata.

Watu wengi huruka ngazi, na hatuoni sababu ya kuwalaumu. Ukienda zahanati mara mbili ukaambiwa dawa zimeisha na kipimo hakuna, mara ya tatu unapanda basi. Tatizo ni kwamba mwenye homa ndogo akifika mkoani, anapanga foleni kwa daktari yuleyule anayesubiriwa na mama aliyeshindwa kujifungua na majeruhi wa bodaboda. Hapo ndipo kuchelewa kunaua.

Serikali imejaribu kuziba pengo hili. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya. Miaka kumi baadaye vituo vya afya vingi vilianza kujengewa vyumba vya upasuaji, ili mama anayehitaji kupasuliwa asisafirishwe mbali. Kwa maoni yetu majengo yamekwenda mbio kuliko watumishi. Chumba cha upasuaji kisicho na mtaalamu wa dawa za usingizi ni chumba kilichofungwa tu.

Badiliko ambalo halisemwi sana ni la fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati au kituo, badala ya kukaa halmashauri. Kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi, inapaswa kujua kiasi kilichoingia na kilichonunuliwa. Dawa zikiisha kila mwezi, mwulizeni mjumbe wenu kwenye mkutano wa kijiji.

Kwa dharura, usisubiri barua ya rufaa, mwahishe mgonjwa. Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akizidiwa, piga 115, namba ya bure ya m-mama. Wanaopokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana huita dereva wa karibu aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango wenyewe.