Pombe, Mairungi na Usukani: Sheria za Barabara ya Jinja

Malori ya Mombasa yanayoingia Uganda kwa Malaba hupita Iganga, yakakata mashamba ya miwa ya Kakira, yakafika Jinja na kuvuka Nile hadi Njeru, palipo na kiwanda cha bia cha Nile Breweries. Upande wa Mbale kuna malwa, pombe ya ulezi. Wanywaji huzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kila kinapopungua. Mwenye chupa anaweza kuhesabu chupa zake. Wa chungu atahesabu nini?

Swali hilo ndilo lililoisumbua sheria tangu mwanzo. Mwaka 1897 dereva wa teksi wa London, George Smith, aliligonga jengo kwa gari lake na kuhukumiwa kwa ulevi. Wakati huo mlevi alijulikana kwa macho na pua za askari tu. Uingereza iliweka kipimo mwaka 1967: miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu.

Uganda ilikuja kuandika kiwango hichohicho katika kanuni za mwaka 2004, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1998 iliyoshika nafasi ya ile ya 1970. Ndipo madereva wakazoea Kawunyemu, msako wa usiku ambao askari wa trafiki humtaka dereva apulize kwenye kipima ulevi. Ubishi kuhusu macho mekundu, kama ni ya pombe au ya vumbi, ukawa na mwamuzi. Msako huo ulisimamishwa UVIKO-19 ilipoingia, kwa hofu ya maambukizi.

Mairungi, yaani miraa, yana shida yake. Dereva wa safari za usiku hutafuna majani hayo asisinzie. Hanuki pombe, na kipima ulevi hakioni kitu. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 iliyapiga marufuku, lakini wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso wakaenda mahakamani. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Agosti mwaka huohuo wabunge wakalazimika kuipitisha upya.

Kenya nayo ilipatwa na mkasa wa aina hiyo. Alcoblow, kipima ulevi kilichoanza kutumika Desemba 2013, kilikwama mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilipoona kwamba kanuni zake hazikuafikiana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Inauma kuona ulinzi wa abiria ukianguka kwa uzembe wa watunga sheria, huku hatari ya dereva mlevi ikibaki palepale.

Wabunge wa Kampala wanadaiwa kazi moja zaidi, na safari hii waifanye kwa akidi kamili. Sheria ya 1998 inamkataza dereva pombe na dawa za kulevya kwa pamoja, ilhali kiwango kilichowekwa mwaka 2004 ni cha pombe peke yake.