Neno "Huru" na Historia ya Gazeti la Muziki Pitchfork (1996-2024)

1. Utangulizi

Tangu intaneti ilipoenea, historia ya uandishi kuhusu muziki haiwezi kuelezwa tena kwa kufuata magazeti ya karatasi peke yake. Miongoni mwa magazeti yaliyozaliwa ndani ya mtandao na kuishi humo, Pitchfork la Marekani ni mojawapo ya yale yaliyopata sauti kubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kufuata safari ya gazeti hilo kuanzia mwaka wa 1996 hadi 2024. Shabaha yetu si kupanga matukio kwa tarehe tu, bali kuuliza swali moja: gazeti linapoitwa "huru", linakuwa huru kwa maana ipi, na maana hiyo hudumu kwa muda gani?

Swali hili si geni kwa msomaji wa Kongo. Yeyote ajuaye desturi ya libanga, yaani mwanamuziki kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo kwa malipo, ameshajiuliza jinsi ya kutenganisha sifa iliyolipiwa na sifa iliyostahiliwa. Tofauti ni kwamba katika libanga fedha humfikia mwimbaji, ilhali katika gazeti la uhakiki tunaulizia fedha zinazomfikia mhakiki.

2. Istilahi tatu

Katika Kiingereza, vyombo vya namna hii hupewa sifa ya "indie". Neno hili kwanza lilitaja uhusiano wa kiuchumi: kampuni ya santuri isiyomilikiwa na makampuni makubwa. Hasa katika miaka ya 1980, huko Uingereza na Marekani, lilianza kutaja pia mtindo wa muziki uliotoka katika kampuni hizo. Kwa lugha ya semantiki, maana ya umiliki ilizaa maana ya mtindo, kisha mtoto akaweza kuishi bila mzazi. Ndiyo maana bendi iliyo mali ya kampuni kubwa huweza hata leo kuitwa "indie" bila mtu kushangaa.

Kiswahili kinatupa zana bora zaidi za kuchambua jambo hili. Neno "huru", lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja kwanza mtu asiye mtumwa, yaani asiye mali ya bwana yeyote. Kiini chake ni umiliki. Usemi "-a kujitegemea" unataja jambo jingine: kula kwa jasho lako mwenyewe. Mtu aweza kuwa huru na bado akalishwa na wazazi wake. Usemi wa tatu, "-siopendelea", unahusu hukumu: kusema lililo kweli hata kama mwenye mali atachukia. Mambo haya matatu huchanganywa mara nyingi, na historia ya Pitchfork inaonyesha kwamba hayakuzaliwa pamoja, wala hayakupotea pamoja.

3. Huru bila kujitegemea (1996-2004)

Mwanzilishi wa gazeti, Ryan Schreiber, alikuwa kijana wa miaka 19 katika eneo la Minneapolis, jimbo la Minnesota. Alikuwa amemaliza shule ya sekondari, amefanya kazi katika duka la santuri, na hakuwa na uzoefu wowote wa uandishi wa habari. Alipenda vijarida vidogo ambavyo wapenzi wa muziki walivitunga na kuvisambaza wenyewe. Alichokifanya ni kuhamishia desturi hiyo katika intaneti, akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Jina la kwanza, Turntable, lilikuwa linadaiwa na wengine, hivyo akachagua Pitchfork, kutokana na chale iliyo mwilini mwa mhusika mkuu wa filamu Scarface ya mwaka wa 1983.

Hapana budi kukumbuka hali ya magazeti ya muziki wakati huo. Rolling Stone, lililoanzishwa San Francisco mwaka wa 1967, na Spin, lililoanzishwa mwaka wa 1985, yalihitaji karatasi, wino, kiwanda cha kuchapia na magari ya kusambazia. Gharama hizo zililazimisha gazeti kutafuta watangazaji, na miongoni mwa watangazaji walikuwamo walewale waliouza muziki uliokuwa ukihakikiwa. Intaneti iliondoa sehemu kubwa ya mzigo huo. Kijana asiye na mtaji aliweza kuandika kurasa nyingi kadiri alivyotaka, juu ya bendi ambazo hakuna gazeti la karatasi lingezipa hata aya moja.

Kwa hiyo katika miaka hii gazeti lilikuwa huru kabisa, lakini halikuwa la kujitegemea. Schreiber alilihamishia Chicago mwaka wa 1999, na waandishi wake walikuwa wapenzi wa muziki waliofanya kazi kwa malipo kidogo au bila malipo. Uhuru wao ulilishwa na kazi nyingine walizozifanya mchana. Uhuru wa namna hii ni wa kweli, ila hudumu kadiri nguvu za wanaojitolea zinavyodumu.

4. Alama na mamlaka

Kilichowavuta wasomaji wengi hakikuwa nathari peke yake, bali alama. Kila albamu ilipimwa kwa kipimo kinachoanzia 0.0 hadi 10.0, pamoja na sehemu za kumi. Tofauti kati ya 7.3 na 7.4 haiwezi kuthibitishwa na yeyote, lakini sura yake ya kisayansi iliwapa wasomaji jambo la kubishania.

Tarehe 2 Oktoba 2000 gazeti lilichapisha uhakiki wa albamu Kid A ya bendi ya Radiohead, ulioandikwa na Brent DiCrescenzo, kwa alama 10.0. Lugha yake ilikuwa ya kishairi kupita kiasi, na wengine waliicheka. Hata hivyo maelfu waliisoma, na jina la gazeti likaenea. Mwaka wa 2003 Schreiber mwenyewe aliipa 9.2 albamu You Forgot It in People ya kundi la Kanada, Broken Social Scene, na kundi ambalo wachache walilijua nje ya nchi yake likapata hadhira mpya. Mwaka wa 2004 albamu Funeral ya Arcade Fire, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Merge, ilipewa 9.7, na nakala zake zikaisha upesi madukani.

Sababu ya nguvu hii ilikuwa ya kiufundi pia. Tangu Napster ilipoanza mwaka wa 1999, msomaji aliweza kusoma sifa za albamu asubuhi na kuipata jioni, hata kama duka la mji wake halikuwa nayo. Muziki ulikuwa umekuwa mwingi kuliko muda wa kuusikiliza, na kila mtu alihitaji kiongozi wa njia. Kampuni ndogo za mbali zilinufaika. Hata Congotronics, albamu ya kundi la Konono N°1 la Kinshasa iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka wa 2004, ilipata nafasi katika kurasa hizo.

Lakini mkono uinuao huweza pia kuangusha. Mwaka huohuo wa 2004, Travistan, albamu ya Travis Morrison, ilipewa 0.0, na msanii huyo alishuhudia milango ya redio za vyuo na ya maduka ikimfungia. Mwaka wa 2006 albamu Shine On ya bendi ya Jet ilipewa 0.0 bila hata neno moja: mahali pa uhakiki iliwekwa picha ya video ya nyani. Hapa mwanaisimu anaona jambo la kuhuzunisha. Uhakiki ni hoja, na hoja huhitaji sentensi. Mhakiki anapoacha sentensi na kubakiza namba, ameacha kutoa sababu. Na hukumu isiyo na sababu ni amri, hata kama aitoaye hajapewa rushwa na mtu.

Vilevile, kutopendelea fedha si kutopendelea kabisa. Mwaka wa 2015 gazeti lilihakiki albamu ya Ryan Adams iliyorudia nyimbo zote za albamu 1989 ya Taylor Swift, ilhali 1989 yenyewe, iliyotoka mwaka wa 2014, ilikuwa haijahakikiwa. Ilihakikiwa mwaka wa 2019. Hakuna aliyelipwa ili iwe hivyo. Mazoea ya waandishi wenyewe, wengi wao wanaume wenye kuushuku muziki unaopendwa na wengi, yalitosha kufunga mlango.

5. Huru na la kujitegemea (2004-2015)

Mwaka wa 2004 Chris Kaskie, aliyetoka katika gazeti la dhihaka The Onion, aliajiriwa kusimamia biashara. Matangazo yalianza kuleta mapato ya kudumu. Mwaka wa 2005 gazeti lilichagua wasanii wa tamasha la Intonation katika bustani ya Union Park, Chicago, na kuanzia mwaka wa 2006 likaandaa tamasha lake lenyewe palepale. Mwaka wa 2011 tamasha jingine lilianza Paris. Mwishoni mwa mwaka wa 2013 gazeti lililozaliwa kwa kuikimbia karatasi lilianzisha jarida la karatasi, The Pitchfork Review, lililodumu hadi 2016.

Huu ndio muda pekee ambamo gazeti lilikuwa na sifa mbili za kwanza kwa pamoja: halikuwa mali ya kampuni kubwa, na lilikula kwa jasho lake. Upeo wake pia ulipanuka. Mwaka wa 2010 albamu My Beautiful Dark Twisted Fantasy ya Kanye West ilipewa 10.0, alama ambayo hakuna albamu mpya iliyokuwa imeipata tangu Yankee Hotel Foxtrot ya Wilco mwaka wa 2002. Rapu, sauti ya Wamarekani weusi, ilikuwa imeingia katikati ya gazeti lililoanza na magitaa ya vijana weupe.

Hata hivyo, udongo ulikuwa unaliwa chini ya nyumba. Huduma za kusikiliza muziki kwa mtandao, kama Spotify iliyofika Marekani mwaka wa 2011, zilimwezesha kila mtu kuonja albamu kabla ya kusoma neno lolote. Fedha za matangazo nazo zilielekea kwa Google na Facebook. Kiongozi wa njia alikuwa anahitajiwa kidogo zaidi, na kumlisha kukawa kugumu zaidi.

6. Katika nyumba ya mwingine (2015-2024)

Tarehe 13 Oktoba 2015 ilitangazwa kwamba Pitchfork limenunuliwa na Condé Nast, kampuni yenye magazeti kama Vogue na The New Yorker. Kwa maana ya asili ya neno letu, siku hiyo gazeti liliacha kuwa huru. Ajabu ni kwamba hukumu zake hazikubadilika ghafla. Puja Patel alipochukua uhariri mkuu mwaka wa 2018, kurasa zilifunguliwa zaidi kwa waandishi wanawake na kwa muziki wa aina nyingi. Schreiber aliondoka mwaka wa 2019. Mwaka wa 2021, katika kuadhimisha miaka 25, gazeti lilibadili alama za albamu 19: Discovery ya Daft Punk ilitoka 6.4 hadi 10, na albamu Liz Phair ya msanii wa jina hilo ilitoka 0.0 hadi 6.0. Gazeti linaloweza kuzipinga hukumu zake hadharani bado lina nafsi.

Lakini nafsi hiyo haikuwa na ufunguo wa nyumba. Tarehe 17 Januari 2024 Anna Wintour, msimamizi mkuu wa uhariri wa Condé Nast, aliwaarifu wafanyakazi kwamba Pitchfork litaunganishwa na GQ, gazeti la wanaume la kampuni hiyohiyo. Wafanyakazi kadhaa waliachishwa kazi, pamoja na mhariri mkuu. Uhakiki uliendelea kuchapishwa, ila hatima ya chombo ilikuwa imeamuliwa na watu wasiokijenga. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba tamasha la Chicago halitafanyika mwaka wa 2025. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mwezi wa Oktoba 2024 waandishi watano waliokuwa wa Pitchfork walianzisha gazeti jipya la mtandaoni, Hearing Things, linalomilikiwa na waandishi wenyewe na kutegemea michango ya wasomaji. Kwa maneno yetu, walirudi kwenye maana ya kwanza ya "huru", huku wakijaribu kuipata ya pili kwa njia isiyopitia kwa watangazaji.

7. Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaona mambo mawili. Kwanza, kutopendelea kwaweza kuendelea kwa miaka kadhaa baada ya umiliki kupotea, kwa sababu kunakaa katika tabia ya waandishi. Lakini hakuwezi kujilinda, kwa sababu hakuna neno katika baraza la wenye mali. Pili, uhuru wa umiliki peke yake hauzuii upendeleo wala ukatili, kama zile 0.0 zilivyoonyesha wakati gazeti likiwa bado mikononi mwa mwanzilishi wake.

Tunapendekeza basi kwamba wanaoandika kwa Kiswahili juu ya vyombo vya habari wasitumie "huru" kwa mambo yote matatu. Wakikuta chombo kinachosifiwa kuwa huru, na waulize: ni cha nani? Kinakula wapi? Kinaweza kumkosoa nani? Majarida yetu ya vyuo vikuu, ambayo mara nyingi hutegemea nguvu za wanaojitolea kama Pitchfork la mwaka wa 1996, yanastahili kuulizwa maswali hayohayo mapema, wakati majibu yake bado yamo mikononi mwa waandishi.