Studio ya Katuni Ambayo Kariakoo Haikuipata

Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilizaliwa Dar es Salaam jarida la Sani, lililowapa wasomaji Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Wahusika hao walizungumza Kiswahili cha Kariakoo: cha mzaha na mikato, chenye maneno ambayo kamusi zilichelewa kuyapokea. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwamo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986.

Ichukuliwe kwamba Ndunguru angaliishi, na kwamba televisheni ingalifika Tanzania Bara kabla ya 1994. Je, angalianzisha studio ya filamu za katuni katika mtaa mmojawapo wa Ilala?

Jibu la ndiyo huja upesi mno. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na studio ya namna hiyo haikuchipuka. Mitambo ilikuwa ng'ambo moja ya bahari, wachoraji ng'ambo ya pili. Aidha, sekunde moja ya filamu hubeba picha 24. Hata kila mchoro ukipigwa mara mbili, dakika kumi hudai michoro 7,200. Baada ya vita vya Uganda vya 1978–79, wakati sabuni yenyewe ilipangiwa foleni, fedha za kigeni za kuagizia filamu zingalitoka wapi?

Yaelekea, basi, studio hiyo ingalichora kidogo na kusema sana: mchoro umesimama, msimulizi anaendelea. Hilo si ndoto tupu. Baadaye, katika vibanda vya video vya jijini, wasimuliaji waligeuza filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza chumvi yao, na watazamaji wakalipa kuwasikia. Watoto wangaliipata lugha ya mtaani kwenye skrini kabla ya ile ya darasani, jambo ambalo BAKITA, pengine, lisingalilishangilia.

Mwaka uleule wa 1994 Disney ilitoa The Lion King, ambamo Simba na Rafiki wana majina ya Kiswahili na maneno ya Kiingereza. Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na Ubongo Kids ikaanza kurushwa 2014, ikifundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo. Lugha yake ni ya somo, nayo ni kazi ya kuheshimika. Lakini atakayetaka kuchunguza mazungumzo ya Lodi Lofa hana budi kuyatafuta katika matoleo ya zamani ya Sani, kwenye karatasi.