Waziri Aliyetulia

Ndugu msikilizaji, ikiwa umerithi duka dogo nawe una haraka ya kubadili kila kitu, sikiliza kwanza habari za Cao Shen wa Uchina. Alipokuwa waziri wa nchi ya Qi alifundishwa Tao, yaani Njia: mkuu akitulia, watu hutengenea wenyewe. Mwaka 193 kabla ya Kristo Xiao He, waziri mkuu wa dola yote, alifariki, naye akaitwa kushika mahali pake. Alimwusia aliyemfuata huko Qi asivuruge soko.

Katika mji mkuu hakubadili sheria hata moja. Alikunywa pombe tu! (Hilo usiliige dukani.) Mfalme kijana Hui akamlaumu. Cao Shen akamwuliza kama yeye ampita marehemu baba yake kwa uwezo, na kama waziri huyu ampita Xiao He. Mfalme akakiri la. Sheria zikabaki zilivyo.

Na daftari la madeni aliloliacha mzee wako, je, umekwisha kulisoma lote?