Cheti cha Bastola na Mipaka ya Majimbo

Wasikilizaji wetu, mwaka 1813 jimbo la Kentucky, katika nchi ya Marekani, lilikataza watu kuchukua bastola iliyofichwa nguoni. Lakini sheria ile ilimwachilia msafiri aliye njiani. Leo twaona mambo yamegeuka: msafiri ndiye apatwaye na taabu.

Sababu yake ni hii. Marekani ina majimbo 50, na kila moja hujitungia sheria. Mwaka 1903 mahakama ya Vermont ilihukumu kwamba mji hauwezi kumdai mtu ruhusa. Mwaka 1911 New York ililazimisha cheti. Mwaka 1987 Florida iliamuru apewe cheti kila atimizaye masharti, na majimbo mengi yakafuata. Kisha baadhi yakapatana kuheshimiana vyeti, mengine yakakataa.

Tutazame mto Delaware. Ng'ambo moja ni Pennsylvania, ya pili ni New Jersey. Mwenye cheti cha Pennsylvania akivuka daraja na bastola yake, cheti kile hakimfai kitu, naye aweza kufungwa. Bali cheti chake cha kuendesha motokaa hukubaliwa pande zote mbili.

Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuyalazimisha majimbo kukubaliana vyeti, Seneti haikuupitisha. Mwaka 2022 mahakama iliyo juu ya zote ilithibitisha haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba, lakini haikuondoa tofauti hizi.

Wahenga walinena: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Basi msafiri na aulize sheria kabla ya daraja, si baada yake.