Mbio Fupi za Mwanafunzi wa Chuo: Zilitoka Wapi?

Mama msikilizaji, leo tuzungumze juu ya kijana aliyekua hapa Ngomeni akivuta nyavu na kwenda shule kwa miguu, kisha akaingia chuo kikuu. Huko kazi ni kukaa: darasani, maktabani, mbele ya kompyuta. Akirudi likizo, kutoka stendi hadi nyumbani anahema. Ukimuuliza, husema hana muda wa mazoezi.

Iko njia isiyotaka muda mwingi. Unakimbia kwa nguvu kidogo, unapumzika, unarudia. Si mpya. Miaka ya 1930 nchini Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler, akisaidiana na daktari wa moyo Herbert Reindell, aliwahesabia wakimbiaji mapigo ya moyo. Yakishuka hadi 120 kwa dakika, ndipo wakaanza tena. Emil Zátopek wa Chekoslovakia naye alirudia mita 400 mara nyingi kwa siku. Mwaka 1952 mjini Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja!

Kwa wanafunzi ilifika baadaye. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake wa Japani walichapisha utafiti wa wanafunzi wa elimu ya viungo. Walikanyaga baiskeli ya mazoezi kwa nguvu zote sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, mara 7 au 8. Baada ya wiki 6 pumzi yao ilipanda, na nguvu ya mbio za ghafla ikaongezeka kwa asilimia 28. Wenzao waliokanyaga taratibu kwa dakika 60 walipata pumzi tu.

Lakini mama, vijana wale walikuwa wanamichezo, tena wanaume watupu. Na huku kwetu Kilifi selimundu, wengine huiita siko seli, imo katika koo nyingi. Mwenye ugonjwa huo akijikaza juani bila maji aweza kupatwa na maumivu makali. Wewe ndiwe uliyempeleka kliniki tangu mchanga. Mwambie kama ana selimundu, pumu au moyo, amwone daktari kwanza.

Asiye na shida aanze kwa kutembea haraka dakika 1 na polepole dakika 2, mara 4 au 5, maji yakikupwa na mchanga umeshikana, kabla jua halijawa kali. Abebe maji. Kifua kikibana au akishikwa na kizunguzungu, asimame papo hapo na apelekwe zahanati.