Takete na Uloomu: jaribio la Ziwa Tanganyika

Kiswahili kina mchezo wake. Tunasikia sauti, sawa. Lakini pia tunasikia harufu, njaa na baridi! Hiyo ni lugha tu. Wapo watu ambao kwao jambo hili ni kweli tupu: wakisikia neno wanaona rangi, au herufi A ni nyekundu siku zote. Hali hii huitwa sinesthesia.

Wa kwanza kuielezea kitaalamu alikuwa Georg Sachs wa Ujerumani, katika tasnifu yake ya udaktari ya 1812. Alikuwa akijieleza mwenyewe. Karne ya 20 wanasaikolojia wengi waliipa kisogo: ya kichwani mwa mtu utayapimaje? Mwaka 1987, London, Simon Baron-Cohen na wenzake walimpima mwanamke mmoja kwa orodha ya maneno, wakamrudia baada ya wiki 10. Rangi zilikuwa zile zile. Sisi waandika programu tunaupenda ushahidi wa namna hii: ingizo lile lile, jibu lile lile.

Je, sisi wengine? Mwaka 1929 Wolfgang Köhler alichora maumbo mawili, moja la mviringo, jingine lenye ncha kali, akauliza lipi ni "takete". Wengi huchagua la ncha. Lakini labda ni mazoea ya lugha za Ulaya tu?

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, R. Davis alichapisha matokeo ya watoto wa rasi ya Mahali, Ziwa Tanganyika, wanaozungumza Kitongwe na Kiswahili. Majina yalikuwa takete na uloomu. Walichagua kama watoto wa Uingereza! Nao hawakuteuliwa kwa sababu ya sinesthesia; walikuwa watoto wa kawaida.

Mwaka 2001 Ramachandran na Hubbard walilivumisha jaribio hili kwa majina "bouba" na "kiki", wakidai kwamba hisia huingiliana kwa kila mtu, ila kwa wachache huzidi. Davis hatajwi sana, na kwangu hiyo si haki. Utafiti wa 2022 katika lugha 25 ulipata asilimia 72 wakikubaliana, kwa hiyo si wote.

Hapa Chepsaita huhitaji tarakilishi. Chora maumbo mawili vumbini, muulize mtoto anayezungumza Kinandi. Na ukimpata anayesema saba ni kijani, usimkemee. Andika jibu lake, umuulize tena baada ya wiki 10.